Juisi Mbichi ya Dukani: Vijidudu Vinaingiaje, Vinazaliana Wapi na Nini Huviua

Glasi ya juisi iliyosagwa mbele ya macho ya mteja huonekana kuwa kinywaji cha kuaminika kuliko vyote vilivyomo dukani. Haikutiwa rangi, haikutiwa dawa ya kuhifadhia, na tunda lenyewe mteja ameliona likimenywa. Imani hiyo ina msingi wake kwa upande wa ladha na lishe. Kwa upande wa vijidudu vya maradhi haituambii chochote, kwa sababu mambo yanayoamua kama juisi italeta ugonjwa hutokea shambani, kwenye tenga la kusafirishia, kwenye beseni la kuoshea na ndani ya blenda, mahali ambapo mnywaji hayupo au hata akiwapo haoni kitu. Ninaposema juisi mbichi hapa nina maana ya juisi ambayo haikupitishwa kwenye moto wala kwenye njia nyingine yoyote ya kuua vijidudu, iwe imekamuliwa sasa hivi au imekaa kwenye friji tangu jana.

Mjadala kuhusu juisi hii huvurugika kwa sababu maswali matatu tofauti huulizwa kana kwamba ni moja. Kwanza, vijidudu viliingiaje? Pili, vikishaingia, vinaweza kuzaliana? Tatu, kuna kitu chochote kitakachoviua kabla juisi haijafika mdomoni? Muuzaji anayesema juisi yake ni salama kwa sababu ana friji nzuri amejibu swali la pili peke yake. Anayesema matunda yake yameoshwa amejibu sehemu ya swali la kwanza. Mteja anayesema nanasi ni kali mno, hakuna mdudu anayeweza kuishi humo, anadhani amejibu yote matatu, kumbe hata hilo moja hakulijibu sawasawa.

Tuanze na huo ukali wa tunda, maana ndio uliowapumbaza hata wataalamu kwa miaka mingi. Wanasayansi huupima kwa kipimo cha pH: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Maji safi yana pH ya karibu 7. Juisi ya ndimu huwa kati ya 2 na 2.6, pasheni karibu na 3, na chungwa, tufaha na nanasi huwa kati ya 3 na 4 na kidogo zaidi. Mstari unaotumiwa na wataalamu wa chakula uko kwenye 4.6, kwa sababu chini ya hapo bakteria wengi wa maradhi hushindwa kuzaliana, na mbegu za bakteria wa sumu ya botulini, sumu inayopoozesha mwili, hazichipui. Kutokana na ukweli huo watu walihitimisha kwamba juisi chachu haihitaji ulinzi mwingine.

Mnamo Oktoba 1996, huko magharibi mwa Marekani na katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, hitimisho hilo lilivunjika. Watoto na watu wazima walianza kufika hospitalini wakiharisha damu, na wachunguzi wa afya wakagundua kuwa walikuwa wamekunywa juisi ya tufaha isiyopasteurishwa, yaani isiyopitishwa kwenye moto wa kuua vijidudu, ya kampuni ya Odwalla. Ndani yake kulikuwa na E. coli O157:H7, aina ya bakteria anayeishi kwenye utumbo wa ng'ombe na wanyama wengine wacheuaji bila kuwadhuru, lakini kwa binadamu hutoa sumu inayoharibu utumbo na figo. Zaidi ya watu 60 waliugua, watoto kadhaa figo zao zilishindwa kufanya kazi, na mtoto mmoja wa kike wa miezi 16 huko Colorado alifariki. Juisi ile ilikuwa chachu na ilikuwa imehifadhiwa kwenye baridi. Kampuni ilikuwa ikiosha matunda yake, tena kwa asidi. Mwaka 1998 ilikiri makosa mahakamani na kutozwa faini ya dola milioni 1.5, baada ya kuwa tayari imeanza kupitisha juisi yake ya tufaha kwenye moto.

Kisa hiki kinafundisha tofauti kati ya kutozaliana na kufa. Ndani ya juisi ya tufaha bakteria yule hakuhitaji kuongezeka. Kwa O157 idadi ndogo sana, pengine chini ya bakteria mia moja, inatosha kumwangusha mtu, na ndivyo ilivyo pia kwa bakteria wa kuhara damu aitwaye shigela na kwa virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha. Kilichotakiwa ni vijidudu hivyo kuvumilia uchachu kwa muda wa siku chache tu, na uvumilivu huo wanao. Lililo gumu zaidi kuamini ni kwamba baridi iliwasaidia. Majaribio ya maabara yameonyesha mara nyingi kwamba O157 aliyetiwa kwenye juisi chachu hudumu muda mrefu zaidi akiwekwa kwenye friji kuliko akiachwa kwenye joto la kawaida la chumba, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya madhara ya asidi kwenye chembe yake. Friji, basi, huizuia juisi isichache na huwazuia bakteria wengi wasiongezeke, lakini haisafishi kitu kilichokwisha kuchafuka. Hata kugandisha hakusafishi. Juisi iliyoganda kuwa jiwe ikiyeyuka, vijidudu vingi huwa bado vi hai.

Machungwa nayo yana historia yake. Mwaka 1995 wageni waliotembelea bustani kubwa ya burudani huko Orlando, Florida, waliugua kwa salmonela, bakteria anayeleta kuharisha na homa, kutokana na juisi mbichi ya machungwa. Wachunguzi walipozunguka kiwanda kilichoikamua walikuta mianya kwenye jengo na vyura nje yake, na chura alipopimwa alikutwa na salmonela. Mwaka 1999 huko Adelaide, Australia, zaidi ya watu 500 waliugua kwa chanzo cha aina hiyohiyo, na uchunguzi ukafuata njia ya machungwa mpaka kwenye banda la kuyapakia, ambako salmonela ilikutwa kwenye tangi la dawa ya kuzuia kuvu ambamo matunda yalikuwa yakichovywa. Tangi lililowekwa ili kulinda matunda likawa ndilo linaloyapaka uchafu moja baada ya jingine. Mwaka huohuo, juisi mbichi ya machungwa kutoka Arizona iliwafanya watu zaidi ya 200 waugue katika majimbo mengi ya Marekani na nchini Kanada.

Sasa tutoke kwenye matunda machachu, kwa sababu kwenye meza za wauza juisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar sehemu kubwa ya bidhaa haimo katika kundi hilo. Tikiti maji na papai lililoiva vina pH inayozidi 5. Juisi ya miwa iko karibu na 5, na parachichi hupita 6. Karoti na kiazi cha bitiruti viko hukohuko. Kwenye juisi hizi uchachu hautoi msaada wowote, sukari imejaa, na bakteria wa maradhi wakiingia huzaliana kama walivyo kwenye supu iliyopoa. Tuseme bakteria 10 tu wa salmonela wameingia kwenye ndoo ya juisi ya tikiti saa moja asubuhi, na tuseme idadi yao inajirudufu kila nusu saa, kasi ambayo si ya ajabu kwenye joto la pwani. Ikifika saa saba mchana wamezidi 40,000. Hapa ndipo friji inapopata umuhimu wake wa kweli, kwani chini ya nyuzi 5 za Selsiasi ongezeko hilo karibu lote husimama.

Nasema karibu lote kwa sababu yupo asiyesimama. Bakteria aitwaye listeria huendelea kukua polepole hata ndani ya friji, na mama mjamzito akimpata anaweza kupoteza mimba. Mwaka 2011 matikiti ya shamba moja la Colorado yaliua watu 33 kwa ugonjwa huo. Uchafu ulikuwa kwenye ganda, na kisu kilipopita kwenye ganda kikauingiza ndani ya nyama ya tunda.

Kisu hicho kinatupeleka kwenye swali la kwanza, la namna vijidudu vinavyoingia, nalo ndilo ningependa wauzaji walitafakari kuliko mengine. Ndani ya tunda zima lisilo na jeraha kwa kawaida hamna vijidudu vya maradhi. Vimekaa juu ya ganda, vikitokana na samadi isiyooza vizuri, maji ya umwagiliaji, vinyesi vya ndege na popo, vumbi la barabarani, na mikono. Kutengeneza juisi ni kuliondoa ganda hilo kwa kisu kilichopita juu yake, kisha kuchanganya matunda mengi kuwa kitu kimoja, kiasi kwamba tunda moja chafu kati ya hamsini huwafikia wateja wote badala ya mmoja. Tunda lililopondeka au kuoza upande mmoja ni hatari kwa namna ya peke yake, maana jeraha ni mlango, na baadhi ya kuvu zinazoozesha hupunguza uchachu pale zilipoota, hivyo bakteria wakapata makazi hata kwenye tunda ambalo kwa kawaida lingewakataa. Desturi ya kutenga matunda mabovu kwa ajili ya juisi, yaani yale mazuri yauzwe na yaliyopondeka yasagwe, inaeleweka kibiashara. Kiafya ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Kuosha kunasaidia, ila si kwa kiasi tunachodhani. Maji safi yanayotiririka pamoja na kusugua kwa brashi huondoa sehemu kubwa ya vijidudu vya juu ya ganda, pengine tisa katika kila kumi au zaidi kidogo, na klorini iliyopimwa vizuri huongeza kidogo juu ya hapo. Kinachobaki kimejificha kwenye mashimo, kwenye kikonyo na kwenye mikunjo ya ganda. Kisha kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Embe lililokaa juani likitumbukizwa kwenye beseni la maji ya baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na tunda huvuta maji kupitia kwenye kovu la kikonyo. Maji hayo yakiwa machafu, uchafu unaingia ndani, mahali ambapo hakuna brashi wala dawa itakayoufikia. Mwaka 1999 huko Marekani watu waliugua salmonela kutokana na maembe yaliyotoka Brazil, na kilichoshukiwa ni utaratibu wa kuyachovya kwenye maji ya moto ili kuua nzi wa matunda kisha kuyapoza kwenye maji ya baridi. Kwa hiyo beseni moja la maji yaliyotekwa asubuhi na kutumika mpaka jioni, huku kila tunda likiachia kilichokuwa juu yake, si mahali pa kuoshea hata kidogo.

Blenda nayo ina siri yake. Ukifungua sehemu ya chini ya jagi, pale visu vinapoungana na kitako, utakuta mpira mwembamba wa duara unaozuia juisi isivuje. Kati ya mpira huo na chuma hubaki makapi ambayo kusuuza kwa kuzungusha maji hakuyagusi. Makapi hayo yakilala usiku kucha kwenye joto, asubuhi glasi ya kwanza inayachukua pamoja na utando wa bakteria uliojengeka juu yake. Mashine ya miwa ina tatizo lilelile kwenye magurudumu yake na kwenye sinia la chini linapopita juisi, na miwa yenyewe mara nyingi humenywa mapema na kuachwa imesimama kwenye ndoo, nzi wakija na kuondoka. Huko Santa Catarina, Brazil, mwaka 2005 watu walipata ugonjwa wa Chagas, na watatu wakafariki, baada ya kunywa juisi ya miwa ambayo ndani yake wadudu waenezao ugonjwa huo, au vinyesi vyao, vilisagwa pamoja na miwa. Ugonjwa ule hauenezwi na wadudu wa kwetu, lakini kanuni ni ileile kwamba mashine haichagui kati ya muwa na kilichoukalia.

Halafu yapo maji na barafu. Binafsi naona hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote kwenye maduka yetu, kubwa kuliko tunda lenyewe. Juisi nzito ya embe au parachichi huongezwa maji, na karibu kila juisi huwekewa barafu. Barafu ni maji, na maji ya kisima kilicho jirani na choo hayabadiliki tabia kwa kugandishwa. Mlipuko wa kipindupindu uliozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea sehemu kubwa ya nchi uliwafanya maofisa wa afya kuzuia uuzaji wa vinywaji na matunda yaliyokatwa kwenye maeneo ya wazi, na sababu zilikuwa maji na mikono. Bakteria wa kipindupindu hufa upesi kwenye ndimu. Kwenye juisi ya tikiti yenye barafu chafu hana sababu ya kufa. Kuna pia vinywaji kama ukwaju, ubuyu na rozela ambavyo kwa desturi huchemshwa, jambo jema sana, lakini mara nyingi sufuria ikishapoa huongezwa maji ya bomba ili kiwango kiongezeke, na kazi yote ya moto ikapotea kwa jagi moja. Vilevile chupa za maji zilizookotwa, zikasuuzwa na kujazwa juisi, haziwezi kusafishwa ipasavyo, maana shingo yake hairuhusu brashi na plastiki yake haistahimili maji ya moto.

Mikono ya mtengenezaji inastahili kutajwa kwa uzito huohuo. Homa ya matumbo, homa ya ini aina A na virusi vya noro hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia chakula kisichopikwa, na juisi mbichi ni chakula cha aina hiyo. Kenya na Tanzania humtaka mhudumu wa chakula apimwe afya na awe na cheti. Cheti hicho husema habari za siku aliyopimwa. Kinachomlinda mteja leo ni sabuni, maji yanayotiririka karibu na choo na karibu na meza ya kazi, na mwajiri anayemruhusu mfanyakazi anayeharisha kubaki nyumbani bila kukatwa ujira. Mwenye duka asiyetoa ruhusa hiyo anajitafutia mlipuko.

Swali la tatu, la kuua, ndilo lenye jibu la wazi kuliko yote. Juisi ya tufaha ikifikishwa nyuzi 71 za Selsiasi kwa sekunde chache tu, bakteria wa maradhi waliokuwamo hupungua kwa kiasi ambacho kati ya kila 100,000 hubaki mmoja au asibaki hata mmoja. Hicho ndicho kiwango ambacho Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiweka kisheria mwaka 2001 kwa viwanda vya juisi, baada ya kuwa mwaka 1998 imelazimisha juisi mbichi ya kwenye chupa kubandikwa onyo. Moto si njia pekee. Kuna mashine zinazoigandamiza chupa iliyofungwa kwa nguvu inayokaribia mara 6,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, nazo hupasua bakteria huku ladha ikibaki karibu ileile ya tunda bichi. Zipo pia taa za mionzi ya urujuanimno. Hapa mnunuzi awe makini, kwa sababu siku hizi maduka ya Nairobi na Dar es Salaam huuza juisi zinazosifiwa kuwa zimekamuliwa bila joto. Maneno hayo yanaeleza namna ya kukamua tu, yaani mashine imeminya polepole badala ya kusaga. Hayasemi kama vijidudu vimeuawa.

Sheria ile ya Marekani iliacha mlango mmoja wazi: muuzaji wa rejareja anayekamua na kumuuzia mnywaji moja kwa moja hakulazimishwa kufikia kiwango cha kiwandani, na juisi inayouzwa kwa glasi haihitaji hata kibandiko cha onyo. Hoja ilikuwa kwamba duka dogo huhudumia wachache na juisi yake haikai. Naielewa hoja hiyo, lakini inasimama pale tu ambapo juisi kweli haikai. Duka linalosaga lita 20 alfajiri na kuzigawa kwenye chupa za siku mbili limeshakuwa kiwanda, na linapaswa kuchukua wajibu wa kiwanda. Kwetu, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara umehamia Shirika la Viwango, TBS, lakini mkaguzi anayeonwa zaidi na muuza juisi ni ofisa afya wa kata, na huyo angefanya jambo kubwa kama angeanza ukaguzi wake kwa kuuliza barafu imetoka wapi na kwa kufungua kitako cha blenda.

Isidhaniwe kwamba kupasteurisha kunamaliza kila kitu. Mwaka 2006 watu sita huko Marekani na Kanada walipooza kwa sumu ya botulini iliyokuwa kwenye juisi ya karoti ya kiwandani iliyopitishwa kwenye moto. Moto ule uliwaua bakteria wa kawaida ila haukuziua mbegu za botulini, na chupa zilipokosa baridi mbegu zikachipua, maana karoti haina uchachu wa kuzizuia. Juisi isiyo chachu inahitaji moto na friji kwa pamoja.

Mnunuzi hana maabara, na ulimi hautamsaidia. Juisi iliyochacha, chupa iliyovimba na povu lenye harufu ya pombe ni kazi ya hamira na bakteria wa kuharibu chakula, ambao kwa kawaida hawamuumizi mtu sana. Salmonela na O157 hawabadilishi ladha, rangi wala harufu. Kinachowezekana ni kuuliza na kutazama: juisi imesagwa saa ngapi, maji na barafu ni vya wapi, jagi linaoshwa kwa kitu gani kati ya mteja na mteja, na chupa ya kwenye friji ni ya baridi kweli au ni vuguvugu. Anayetaka tikiti, papai, miwa au parachichi ainywe papo hapo, bila barafu kama chanzo chake hakijulikani, wala asiiweke kwenye mkoba akazunguka nayo mjini mpaka jioni. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, na wale ambao kinga yao imepunguzwa na VVU, saratani au dawa, ni bora wale tunda lenyewe lililooshwa na kumenywa nyumbani, au wanywe juisi iliyopasteurishwa au iliyochemshwa na kupozwa bila kuongezwa maji mabichi.

Na ikitokea mtoto akaanza kuharisha damu siku chache baada ya kunywa juisi, apewe maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini na apelekwe hospitali mapema. Asipewe antibiotiki iliyonunuliwa kwenye duka la dawa bila kipimo, wala dawa ya kufunga kuharisha, kwa sababu kama aliyemwingia ni O157 dawa hizo zinaweza kuongeza madhara ya sumu yake. Mzazi aangalie pia mkojo: ukipungua sana, au uso wa mtoto ukavimba na kupauka, hizo ni dalili za figo, na daktari aambiwe waziwazi mtoto alikunywa juisi gani, wapi na lini.